Mahali Alipozaliwa Bingwa

Barua ya manispaa ilisema saa tatu asubuhi, lakini saa tano ilikuwa imeshapita na Bi Sabra alikuwa bado kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akiinuka kila mlango ulipofunguka na kuketi tena kila alipopitwa. Mara ya mwisho alipouliza, karani aliyekuwa akila maandazi alimjibu bila kumtazama, "Mama, si nimeshakwambia? Afisa ana wageni." Bi Sabra alikuwa na miaka sitini na moja. Alirudi kukaa akiona haya kama mtoto aliyefukuzwa sebuleni.

Kwenye benchi hilohilo alikuwapo mwanamume mwembamba wa makamo, viatu vyake vimekauka tope jekundu, kikapu kati ya miguu. Alikuwa ameona jinsi karani alivyomjibu. Alichomoa ndizi mbili za kisukari kikapuni akamsogezea Bi Sabra.

"Kula, mama. Hawa wanaweza kutuweka hapa mpaka adhuhuri."

"Ahsante, baba. Umetoka nazo wapi?"

"Nyumbani, juu ya Matombo. Nimetoka gizagiza."

"Na hizi mvua?"

"Njia imekatika sehemu mbili. Nimevua viatu, nimevaa, nimevua tena."

Bi Sabra alicheka kidogo. Waliongea habari za mvua, za mihogo iliyooza ardhini, za magoti yanayouma mtu akishuka mlima kuliko akipanda. Ilipokaribia saa sita Abeid, mdogo wake Bi Sabra, alifika na suti yake ya mazoezi ya bluu, akauliza "Bado tu?" na kusimama mlangoni akigongagonga ukuta kwa vidole. Hatimaye karani alitokeza kichwa.

"Wa bingwa Mwinjuma, ingieni."

Bi Sabra aliinuka. Abeid aligeuka. Na yule mtu wa ndizi naye aliinuka, akashika kikapu chake. Walitazamana watatu pale koridoni, kisha mtu wa ndizi akavua kofia.

Afisa utamaduni aliitwa Irene Mkude, msichana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mezani kwake palikuwa na fomu, na juu ya fomu picha ya kibao cha marumaru. Ukumbi mpya wa ngumi wa Bigwa ungefunguliwa baada ya wiki tatu, na jina lilikuwa limeshapitishwa: Ukumbi wa Mwinjuma Salehe. Kibao kilikuwa kimechongwa nusu. Mwinjuma Salehe, 1937 hadi 1998, bingwa wa Afrika Mashariki, uzito wa unyoya. Alizaliwa Mkuyuni.

"Fundi nimemsimamisha hapo kwenye kuzaliwa," alisema Irene, akamwonyesha mtu wa ndizi. "Mzee Andrea hapa ameleta hati ya ubatizo."

Aliisoma. Mtoto wa kiume, jina Anselmi, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na saba, Matombo.

"Mimi sikuja kugombana," alisema Andrea. "Bingwa alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Tunaomba kibao kisiseme uongo. Ni hilo tu."

Abeid alikuwa na miaka hamsini na tano, na hasira yake siku zote ilianzia mikononi. Aliificha mifukoni.

"Karatasi inasema kuna mtoto aliitwa Anselmi. Sawa. Alizaliwa, akabatizwa, hongera zake. Inatuhusu nini? Baba yetu ni Mwinjuma bin Salehe, wa Mkuyuni. Imeandikwa hivyo magazetini tangu enzi za mkoloni. Tumemzika Kiislamu, mimi mwenyewe nilishuka kaburini."

"Mna cheti chake cha kuzaliwa?" Irene aliuliza.

"Wakati ule nani alikuwa na cheti?"

"Mama Sabra, una chochote?"

Bi Sabra alifungua mkoba akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na kibali cha mazishi na kipande cha gazeti kilichokunjwa mpaka maandishi ya kwenye mkunjo yakafutika. Irene alikitazama pande zote mbili, akakirudisha taratibu. "Gazeti si ushahidi, mama," alisema, na kwa vile alilisema kwa upole, lilimuuma Bi Sabra zaidi.

"Na wewe, mzee Andrea. Una nini kinachoonyesha kwamba huyo Anselmi ndiye Mwinjuma?"

"Nina mama yangu."

"Ana karatasi?"

"Mama hajui kusoma. Ni mdogo wake bingwa, tumbo moja. Yu hai, ana miaka themanini na minne. Anaitwa Sesilia."

Kwenye hati za misheni jina hilo liliandikwa Cecilia, lakini Andrea alilitamka kama linavyotamkwa mlimani. Bi Sabra aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba. Hapakuwa na kitu alichokuwa akikitafuta. Upande wa pili wa meza, mikono ya Abeid ilitoka mifukoni.

"Nawapa siku kumi," alisema Irene. "Mkishindwa kuelewana, kamati italiondoa jina, tutauita Ukumbi wa Bigwa basi. Hakuna mkubwa atakayekubali kuja kufungua ugomvi wa watu."

Nje, chini ya jua, Andrea alimfuata Bi Sabra mpaka getini. "Kama maneno yangu yamekuudhi, mama, nisamehe," alisema, akamwachia ndizi zilizobaki. Abeid alimwambia dada yake azirudishe. Bi Sabra alikuwa ameshazitia mkobani.

Nyumba ya Bi Sabra ilikuwa Bigwa, pale ambapo mji unaishia na mlima unaanza. Mumewe, Mikidadi, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa uani akijaza udongo kwenye viriba vya miche ya parachichi. Aliuza miche hiyo pale barabarani, na siku hizi alijulikana zaidi kwa parachichi kuliko kwa miaka thelathini aliyoendesha lori.

"Wamesemaje?" aliuliza.

Bi Sabra alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza habari za fomu, za hati, za Andrea. Alipofika kwenye jina la yule mama mzee alinyamaza, na Mikidadi akaacha udongo.

"Kuna kitu sijawahi kukuambia," alisema Bi Sabra. "Baba alipokuwa anakufa aliita jina. Siku tisa, usiku na mchana. Sesilia. Hakuniita mimi, hakumwita mama wala Abeid. Sesilia, Sesilia."

"Mama yako alisikia?"

"Angeachaje kusikia? Alikuwa akimlisha uji. Siku ya saba akaweka kijiko chini, akatoka. Hakuingia tena chumba kile. Baba alikufa mikononi mwangu. Mama aliishi miaka sita baadaye, sikumsikia akilitaja jina la mumewe hata mara moja. Akiulizwa habari za bingwa anasema, kawaulizeni wanaomjua."

Mikidadi aliufuta udongo mikononi polepole. Alikuwa mtu asiyekimbilia kusema.

"Kwa hiyo wewe ndiye karatasi anayoitafuta Andrea," alisema.

"Mimi na Abeid. Naye alisikia."

Abeid alikuja baada ya sala ya alasiri, na hakukaa. Alisema walichosikia chumbani kibaki chumbani. Ushahidi wa Andrea ulikuwa maneno ya kizee kisichojua kusoma. Wao wakinyamaza, siku kumi zitapita na Irene atachoka.

"Halafu jina liondolewe?" Bi Sabra aliuliza.

"Halitaondolewa. Naijua kamati." Alitazama miche ya Mikidadi kama inayomkera. "Na shamba la Mkuyuni umelifikiria? Baba kama si mtoto wa Mzee Salehe, sisi pale ni nani? Watakuja kesho waseme ondoeni mihogo yenu."

"Abeid, huyo mama ni dada yake."

"Nani kasema? Kijana wake ndiye kasema. Umelitazama taya la yule Andrea? Ni taya la baba. Yule si mpwa, dada. Yule ni mtoto wa nje, na Sesilia ndiye yule aliyemvunja mama yetu. Sasa tumkalishe meza kuu siku ya ufunguzi?"

Alisema hayo kwa sauti ya chini, na Bi Sabra akaelewa kwamba mdogo wake alikuwa ameyabeba peke yake miaka yote hii. Mtu aliyewafundisha watoto wa mtaa kupiga ngumi kwenye ua wa nyuma ya soko, kwa jozi mbili za glovu, akiwaambia kila siku kwamba bingwa hakuwahi kusema uongo, alikuwa akiamini kwamba baba yake alikuwa na mwanamke mlimani.

Abeid alipoondoka, Bi Sabra alibaki akilifikiria lile taya. Ni kweli lilikuwa la baba. Na yeye alikuwa amekula ndizi za mtu yule na kucheka naye.

"Nitapanda," alimwambia mumewe. "Nimwone kwa macho yangu. Kama ni mwanamke wa baba nitamjua."

"Tutapanda," alisema Mikidadi, akaenda kutazama mafuta ya pikipiki.

Waliondoka Jumapili asubuhi. Mikidadi aliendesha taratibu, mke wake ameketi kiupande nyuma yake akiwa amekumbatia kifurushi cha sukari na khanga moja, maana hata kama unakwenda kumkabili mtu, hufiki nyumbani kwake mikono mitupu. Mkuyuni walisimama. Bi Sabra alisema haiwezekani kupita pale bila kumsalimia Mzee Abdulatif, mtoto wa marehemu Mzee Salehe, ambaye yeye na Abeid walimwita baba mdogo tangu wazaliwe. Ukweli ni kwamba alitaka kusikia habari za shamba kutoka kinywani mwa mzee kwanza.

Walimkuta dukani, nyuma ya mizani, akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ukumbi unafunguliwa lini?"

Bi Sabra alianza kwa mbali. Alizungukazunguka, akataja Matombo, akataja hati. Mzee alimsikiliza mpaka akachoka, akamkata.

"Kwani hukuwahi kuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Baba yako alikuja hapa akiwa kijana mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea maji. Alikuwa amejificha kwenye mabanzi ya minazi nyuma ya nyumba, mkono wake wa kushoto umevimba kama boga. Baba hakumuuliza jina. Kesho yake askari wakaja wanatafuta kijana wa mlimani. Baba akasema hapa yupo mwanangu Mwinjuma, ameanguka mnazi. Wakamtazama, wakaondoka. Basi akawa Mwinjuma. Alisilimu mwaka uliofuata, kwa hiari yake, baba hakumlazimisha."

Bi Sabra aliketi kwenye gunia la chumvi. "Na nyie mlijua siku zote."

"Sisi watoto tuliambiwa, yeyote akiuliza, ni kaka yenu. Hakuna aliyeuliza. Baadaye akawa bingwa, nani tena angetaka kukana?" Mzee alicheka bila sauti.

"Na shamba, baba mdogo?"

"Shamba lina nini?"

"Kama hakuwa mtoto wa babu."

Mzee Abdulatif alivua miwani ya machoni. Kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika. "Shamba lile hakurithi. Baba alimpa akiwa hai, mbele ya watu, siku aliyorudi na mkanda. Umekuja kunitukana leo, Sabra? Nenda salama mlimani. Ukirudi pitia, kuna nazi zako."

Bi Sabra alikuwa na haya njia nzima mpaka Matombo. Lakini chini ya haya palikuwa na kitu chepesi, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea.

Pikipiki waliiacha kwenye nyumba ya mwisho barabarani, wakapanda kwa miguu, migomba na midalasini pande zote, maji yakishuka kando ya njia. Andrea alikuwa ameshapata habari kabla hawajafika, kama ilivyo mlimani, akawapokea mgongoni mwa kilima akiwa na wasiwasi usoni. Hakuuliza wamekuja kwa heri au kwa shari. Aliuchukua mzigo akatangulia.

Cecilia alikuwa barazani akimenya maharage mabichi. Alikuwa mdogo wa umbo, amenyooka, na macho yake yalikuwa yanaona vizuri kabisa. Bi Sabra alikuwa amejiandaa kumtazama mwanamke. Alichokiona kilikuwa uso wa baba yake umevaa kilemba: taya lile, masikio yale yaliyokaa mbali na kichwa, ule mkunjo mmoja katikati ya nyusi. Mtoto huchukua sura ya baba, lakini mwanamke wa nje hawi na masikio ya mwanamume wake.

Alijikuta amepiga magoti. "Shikamoo, shangazi," alisema.

Maharage yalimwagika. Cecilia hakuyaokota. "Marahaba," alisema, kisha akaongeza, "Wewe ni wa ngapi?"

"Wa kwanza. Tuko wawili."

"Wawili tu." Alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua nyanya. "Umemfuata mama yako. Alikuwa mzuri?"

"Alikuwa mzuri."

Habari yenyewe Cecilia aliisimulia baada ya chakula, bila haraka. Ilikuwa mwaka wa matuta, serikali ya wakoloni ilipowalazimisha watu wa Uluguru kukata milima ngazi ngazi, nao wakakataa. Msimamizi mmoja alimkuta mama yao shambani, akamsukuma akaanguka na jembe lake. Anselmi alikuwa na miaka kumi na minane. Alimpiga yule mtu ngumi moja ya kushoto. Taya likavunjika sehemu mbili.

"Hiyo ndiyo ngumi yake ya kwanza," alisema Cecilia. "Wale wengine waliolipa viingilio waliona zilizofuata."

Anselmi alikimbia. Askari walipomkosa walimchukua mama. Alikaa ndani miezi minne, akarudi anakohoa, hakumaliza mwaka. Na mjomba wao, mkubwa wa ukoo, akasema neno ambalo mlimani halina rufaa: mtoto aliyeniulia dada si wa kwetu, asirudi, na asitajwe. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama. Aliyekataliwa na mjomba wake hana pa kurudi.

"Alikuja mara moja baada ya uhuru. Mjomba akamsimamisha pale njiani, palepale mlipopita. Akamwambia, kama umepata jina lingine, ishi nalo. Akageuka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mgomba, sikuthubutu. Nilimwona mgongo tu."

"Na baadaye?"

"Mjomba aliishi miaka mingi. Alikufa mwaka tisini na nane. Alipokufa tu nikamtuma mtu mjini, akamwambie kaka, Sesilia anasema njia imefunguka, rudi. Mtu akarudi akaniambia bingwa yuko kitandani, hatambui watu. Alimsemea sikioni hivyohivyo, akaondoka."

Bi Sabra alimkumbuka. Mtu wa mlimani mwenye mkungu wa ndizi, aliyeinama juu ya kitanda cha baba yake na kuondoka bila kunywa chai. Siku iliyofuata ndipo jina lilipoanza.

"Alikusikia," alisema. Akamsogelea zaidi. "Alikusikia, shangazi. Alikuita siku tisa. Alikufa anakuita."

Cecilia alifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yakatikisika. Andrea aliinuka akaenda kusimama kwenye migomba. Mikidadi alianza kuokota maharage, moja moja, akiyarudisha kwenye ungo, kwa sababu ilibidi mtu afanye kitu. Kisha mama mzee alijifuta, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alikuwa anasali?"

"Alikuwa anasali. Hakukosa alfajiri msikitini."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo, shangazi."

"Basi vizuri. Nilikuwa naogopa asije akawa anakwenda kwa ajili ya kujificha tu."

Kumwambia Abeid ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda mlima. Bi Sabra alimfuata kwenye ua wa nyuma ya soko, akasubiri mpaka vijana wamalize mazoezi na kutawanyika. Alimweleza yote akiwa amesimama, kamba ya kurukia ikiwa bado mkononi mwa Abeid. Alipofika kwenye masikio, Abeid alitaka kucheka, akashindwa.

"Dada yake kweli," alisema.

"Kama mimi na wewe."

Abeid aliizungusha kamba kiganjani, akaifungua, akaizungusha. "Unajua sikumwosha baba," alisema. "Nilishuka kaburini watu wanione. Lakini kumwosha nilikataa, nikasema naumwa mkono. Kwa ajili ya mama."

"Najua. Nilikuona."

"Mama alikufa anadhani ana mke mwenza."

"Ndiyo."

Hapo hapakuwa na la kurekebisha, na wote wawili walilijua hilo. Walikaa kwenye tairi kuukuu la mazoezi mpaka muuza mkaa wa ng'ambo akaanza kufunga. Kisha Abeid akauliza kama shamba limesemwa. Alipoambiwa alichosema Mzee Abdulatif, alitikisa kichwa muda mrefu, akasema ataenda kumpalilia mzee minazi yake.

Siku ya kumi walikwenda manispaa watatu: Bi Sabra, Abeid na Andrea. Karani aliwaambia wasubiri kwenye benchi. Bi Sabra alimwambia hapana, mwanangu, leo hatusubiri, akagonga mlango mwenyewe.

Andrea alikuwa na la kusema kwanza. Kwa mila yao, alieleza, jina la marehemu huchukuliwa na mtoto wa dada yake, na katika mambo ya mlimani yeye ndiye mwenye sauti juu ya jina hili. Irene alishika kalamu kwa wasiwasi. "Na mimi," Andrea akaendelea, "nasema jina libaki Mwinjuma Salehe. Ndilo alilopandia ulingoni. Mzee Salehe alimpa alipokuwa hana jingine, sisi hatuwezi kumnyang'anya."

"Na mahali alipozaliwa?"

Andrea alimtazama Bi Sabra. Yeye ndiye aliyetakiwa kujibu.

"Andika Matombo," alisema Bi Sabra. "Mimi ni shahidi. Baba alimwita dada yake kwa jina alipokuwa anakufa, nilikuwapo. Na huyu mdogo wangu alikuwapo."

"Nilikuwapo," alisema Abeid.

Irene aliandika. Kisha akaweka kalamu chini akasema, afadhali, maana jana alikuja mzee mmoja wa Mikese na mashahidi watatu, akisema bingwa alizaliwa Mikese kando ya barabara kuu, mama yake akiwa safarini. "Nilimuuliza mama yake aliitwa nani, akasema atarudi na jibu." Abeid ndiye aliyeanza kucheka, na ofisi nzima ikamfuata, mpaka karani akachungulia.

Kibao kilibidi kichongwe upya. Fundi alilalamika, akafanya.

Siku ya ufunguzi mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika saa nne. Cecilia alikuwa ameshushwa mlimani siku mbili kabla, kwa machela mpaka barabarani na kwa gari dogo la mizigo mpaka Bigwa, akilalamika njia nzima kwamba wanamshika kama glasi. Walimkalisha mbele, kati ya Mzee Abdulatif na Bi Sabra. Wazee wale wawili hawakuwahi kuonana. Walipeana mkono, kisha Abdulatif akamwambia kwa sauti ya kutosha kusikika na mgeni rasmi, "Mimi ndiye niliyempelekea maji," na Cecilia akauinamia mkono ule, akaushika muda mrefu, hotuba ya kwanza ikiisha bila wao kuisikia.

Mapambano ya vijana yalipoanza Cecilia alitaka kujua yupi ni wa Abeid. Akaonyeshwa kijana mwembamba wa kaptura nyekundu. Alimtazama raundi nzima akiwa amekunja uso.

"Anarudi nyuma sana," alisema.

Abeid alipokuja kuwasalimia, jasho linamtoka utadhani yeye ndiye aliyepigana, alipiga goti mbele ya shangazi yake. Cecilia aliuchukua mkono wake wa kushoto, akaukunja ngumi kwa vidole vyake vyembamba, akaupima kwa kuushika.

"Wako mkubwa," alisema. "Wa kwake ulikuwa mdogo. Watu walikuwa hawaamini." Hakuuachia. Abeid alibaki pale sakafuni, mtu mzima wa miaka hamsini na tano, mpaka magoti yakamuuma, na hakutaka kuinuka.

Cecilia alisema atakaa Bigwa siku tatu. Akakaa wiki mbili. Alikataa godoro la sponji, akasema linamzamisha. Alipita kwenye miche ya Mikidadi kila asubuhi akaing'oa aliyoona haina maisha, na Mikidadi, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kugusa miche yake, alimfuata nyuma na ndoo, akiitika. Jumapili Andrea alishuka kumpeleka kanisani. Ijumaa Cecilia mwenyewe alimhimiza Mikidadi kuoga mapema, asije akachelewa msikitini.

Jikoni ndiko alikotawala. Tangu mama yake alipokufa, Bi Sabra alikuwa ndiye mkubwa wa kila mtu: watu walimwamkia, walimwomba shauri, walimngojea aonje kwanza. Zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu aliyemwambia kwamba amekosea kitu. Sasa alikuwa amesimama juu ya sufuria ya kisamvu na mwiko mkononi, na nyuma yake, kwenye kigoda, sauti kavu ilikuwa ikiuliza ni nani aliyemfundisha kutia nazi kabla majani hayajaiva.

"Toa moto. Toa, toa. Hivyo unapika au unafua?"

"Napika, shangazi."

"Nani kakwambia hivyo ni kupika? Sogea nione."

Bi Sabra alisogea. Alikuwa akitabasamu peke yake, uso umeelekea ukutani, asionekane, na macho yake yalikuwa yamejaa moshi.

"Na kilemba chako kimelegea," sauti ikaendelea. "Njoo hapa nikufunge."

Aliuweka mwiko chini, akaenda, akapiga magoti mbele ya kigoda akainamisha kichwa.